Shangazi wa Mikono Mipana

Nilimsikia kabla ya kumwona. Ukuta wa nyuma ya cherehani yangu, pale barazani ninaposhonea mjini Moshi, ni ukuta wa banda la gemu, na ukuta ule haufichi kitu. Mateke, vigelegele, mtu kuapa kwamba pedi yake ya kuchezea ni mbovu ndiyo maana kapigwa, vyote vilinifikia huku nikikanyaga pedali. Nilikwisha kuvizoea kama anavyozoea mtu anayekaa jirani na mashine ya kusaga. Ila ilikuwapo sauti moja ambayo kila ikitoka nilishika gurudumu nikasimamisha. Sauti ya mwanamke, nzito, isiyo na haraka. Aliguna mara moja tu, "Hmm," kikafuata kishindo, halafu banda zima likalipuka kama goli limeingia.

Mchana mmoja wa masika mvua ilikuja kwa ubavu ikalowesha baraza yote. Nilikumbatia vitambaa vya wateja nikakimbilia mlango wa jirani.

Mwenye banda ni mama mjane wa Kirua Vunjo, umri wake sawa na wa mama yangu. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage kwenye ungo, na kwa jinsi alivyokaa hakuna aliyeweza kuingia wala kutoka bila yeye kumwona.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, fundi. Weka nguo za watu pale juu, hawa wangu wana mikono ya mafuta ya chipsi."

Niliweka, nikageuka, na macho yangu yakaenda kwenye kioo cha televisheni. Mwanamke mrefu alikuwa anatembea kuelekea kwa mwenzake. Wapiganaji wengine wote wanarukaruka, wanatingisha mabega, wanajipiga kifua. Huyu alitembea tu, taratibu, kama mtu anayevuka uwanja kwenda kuuliza nani amemwaga maziwa. Alivaa koti la rangi ya kutu, refu hadi kwenye vifundo vya miguu, lenye mikono mipana iliyoning'inia kama majani ya mgomba. Alipogeuka, pindo la koti lilichelewa kidogo, halafu likamfuata. Nilisahau mvua. Mimi nimeshona tangu nikiwa msichana, najua kitambaa kizito kinavyogeuka na chepesi kinavyogeuka, na yeyote aliyelichora lile koti alikuwa amekaa na fundi akamsikiliza.

Mwenzake alimrushia teke. Akaguna, "Hmm," akakinga kwa ule mkono mpana, kisha akampiga kiwiko kimoja tu. Kishindo. Banda likalipuka.

"Huyo ni nani?" niliuliza.

"Huyo ni Shangazi," alisema yule mama bila kuinua macho kwenye maharage.

Baadaye nilielewa. Gemu yenyewe iliwapa wapiganaji majina ya kigeni ambayo hakuna aliyeweza kuyatamka vizuri, basi mama akawabatiza upya kwa tabia zao. Alikuwa hajawahi kushika pedi, lakini alikuwa amewatazama mchana baada ya mchana kama unavyowatazama watu wa kijiji kimoja. Kijana mwepesi anayemetameta kila akipiga alimwita Umeme. Jitu lenye joho na mkufu, linalopenda kumwinamia mtu aliyeanguka, alilipa jina la Mangi, kama chifu wa Kichagga wa zamani. Bonge linaloyumba kabla ya kupiga, kama aliyelewa pombe ya ndizi, lilikuwa Pipa la Mbege. Na kulikuwa na mmoja mfupi mwenye upara, aliyevua miwani kabla ya kila pambano, akaikunja, akaiweka kwenye mfuko wa shati. Akishindwa, alionekana amepiga magoti akipapasa sakafu kuitafuta. Huyo alikuwa Mwalimu.

Mvua ilikatika. Sikutoka.

Nilianza kucheza kesho yake, wakati wa chakula cha mchana, na nikapigwa wiki tatu mfululizo. Nilipigwa na wanafunzi wa chuo, nilipigwa na muuza nyanya, nilipigwa na mtu aliyekuwa anaongea na simu. Wote walinishauri nimwache Shangazi. "Dada, huyo hana mbio," walisema. "Chukua Umeme, unabonyeza chochote anapiga." Nilimjaribu Umeme. Ni kweli, nilishinda mara mbili, na wala sikusikia kitu moyoni. Ilikuwa kama kuvaa nguo ya kuazima.

Na Shangazi je? Nilijifunza kwamba yeye hatakiwi kukimbizana na mtu. Kila pigo analokinga linampa uzito, ule mkono wa koti unakolea rangi kidogo kidogo, kutoka kutu hadi wekundu wa kaa la moto, na hapo ndipo kiwiko chake kinapofungua mlango. Inakubidi uvumilie. Usimame huku mwenzako anakumwagia mateke na watu nyuma yako wanakucheka, nawe unasubiri. Mimi siku nzima nasubiri: nasubiri mteja abadili mawazo, nasubiri umeme urudi nipige pasi. Siku ya kwanza nilipokinga mapigo mengi mpaka mkono ukawa mwekundu, kisha nikamwangusha Mangi kwa pigo moja, niliruka juu nikapiga kelele ambayo nadhani ilifika sokoni. Mama mwenye banda alicheka hadi ungo ukamtoka mapajani.

"Sasa umemjua," alisema. "Shangazi hagombani. Anamaliza."

Basi nikataka koti lake. Sikuwa na sababu. Nilitaka tu kujua limekatwaje, na kwa fundi njia ya kujua ni moja.

Nilikwenda kwenye duka la vitambaa ninakonunua siku zote. Mwenye duka ni mzee wa Kihindi, familia yake ipo Moshi tangu enzi za babu yake, na Kichagga chake cha salamu ni kizuri kuliko cha wajukuu wengi wa Kibosho. Ni mpole, na bei ukimpa ya kumchokoza anakushukuru, "Aika, binti," kisha anairudisha pale pale ilipokuwa.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Leo sare za shule au nguo za harusi?"

"Nataka kitambaa kizito cha koti. Rangi ya kutu."

"Koti la nani?"

Niliona aibu. Nina zaidi ya miaka thelathini. "La shangazi," nikasema.

Alishusha jora moja, akalishika akilipima kwa vidole, akalirudisha. Akashusha lingine. "Mrefu, huyo shangazi?"

"Mrefu sana."

"Mikono?"

"Mipana. Mipana hivi." Nilinyoosha mikono kumwonyesha jinsi inavyoning'inia.

Yule mzee alinitazama juu ya miwani yake. Akaweka jora mezani polepole. Halafu, pale pale nyuma ya meza yake ya kukatia, akainua mkono wa kushoto kukinga uso, akaguna, "Hmm," na akatupa kiwiko hewani.

Nilishika mdomo. Wateja wawili waliokuwa wanachagua vitenge waligeuka kututazama.

"Unamjua!" nilisema.

"Namjua? Ananipiga kila Jumapili! Binti yangu alipoolewa akahamia Mwanza aliniachia mashine yake ya gemu, akaniambia, baba, usikae peke yako unatazama taarifa ya habari. Sasa tunacheza kwa mtandao, yeye kule, mimi huku ghorofani."

"Wewe unamchukua nani?"

"Yule mfupi wa miwani."

"Mwalimu!"

"Mnamwita Mwalimu?" Alifurahi kama mtu aliyeambiwa jina la mjukuu mpya. "Jina zuri. Unajua kwa nini nampenda? Anaogopa. Mtazame. Kabla ya kila pigo anarudi nyuma hatua moja. Wengine wote pale ni mashujaa, hawaogopi chochote, mimi sijawahi kukutana na mtu wa namna hiyo. Huyu anaogopa, anavua miwani, anaingia hivyo hivyo."

Tulisimama pale tukizungumza mpaka wateja wa vitenge wakakohoa. Nilikuwa nimenunua vitambaa kwa yule mzee miaka na miaka, na kumbe hatukuwahi kuongea. Alinikatia kitambaa, na kwenye mikono akaniongezea nusu mita. "Mikono ya Shangazi haipunjwi," alisema.

Koti lilinichukua siku nane, kwa sababu nililishona katikati ya kazi za watu. Siri yake ilikuwa kwenye bitana: pindo lile lilichelewa kugeuka kwa sababu ndani lilikuwa na kitambaa chepesi kinachoteleza, na nje kizito. Nilipolivaa nikageuka mbele ya kioo cha wateja, pindo likachelewa, kisha likanifuata. Nilirudia kugeuka hadi nikapata kizunguzungu.

Mama mwenye banda aliponiona nimelivaa alisimama. Sikuwahi kumwona akisimama kwa ajili ya mtu. Alinizunguka, akashika mshono wa bega, akavuta kidogo kama mama mkwe anayekagua. "Sawa," akasema. "Tufanye mashindano. Jumamosi mchana. Atakayetaka kuvaa kama mpiganaji wake avae. Zawadi nitatoa mkungu wa ndizi kutoka shambani kwangu kule kihambani, mshare, ule mkubwa."

Habari ilisambaa. Jumamosi ile banda lilijaa, watu wakasimama hadi barazani kwangu, mmoja amepanda juu ya stuli yangu ya kushonea. Alikuja mwalimu wa kwaya kutoka Kibosho amejifunga shuka begani na mkufu wa plastiki, akawa Mangi. Kutoka Holili alikuja wakala mmoja wa mizigo ya mpakani, ameacha malori yake kwenye foleni, fulana imebandikwa karatasi za kung'aa, Umeme mtupu. Na saa nane kamili watu wa mlangoni walipisha njia, akaingia mzee wangu wa vitambaa na shati la mikono mifupi. Alisimama katikati ya watu, akavua miwani, akaikunja, akaiweka mfukoni. Sina namna ya kuelezea kelele iliyopigwa.

Mama mwenye banda alimwangalia juu hadi chini. "Karibu, Mwalimu," akasema, akamsogezea kiti chake mwenyewe.

Mechi yangu ya kwanza ilikuwa na Umeme wa Holili. Alinivamia kama nyuki. Nilikinga, nikakinga, kucheka kwa watu kukanifikia nyuma ya shingo, mkono wa Shangazi ukapanda rangi, na nilipotoa kiwiko yule wakala aliacha pedi ikaanguka. Ya pili ilikuwa na mwalimu wa kwaya. Yeye alicheza akihesabu midundo kwa mdomo, na nilipogundua hivyo nikawa napiga katikati ya midundo. Alinipa mkono akasema nikikosa kazi niende kwake kwenye besi.

Upande wa pili Mwalimu alikuwa anarudi nyuma hatua moja, anapiga, anarudi nyuma, anapiga, na kila aliyekutana naye alitoka hapo akikuna kichwa. Basi fainali ikawa mimi na yeye, raundi tatu.

Ya kwanza nilichukua mimi. Ya pili, katikati, nilibonyeza kukinga na Shangazi hakukinga. Nikabonyeza tena. Nikaangalia chini: ule mkono mpana wa koti, ile nusu mita ya ziada, ulikuwa umeteleza ukafunika pedi yote, na kidole changu kilikuwa kinabonyeza bitana. Mwalimu alinimaliza hapo hapo. Tukawa sare, raundi moja kila mmoja.

"Simama!" nilisema. "Naomba dakika." Nilichomoa mkasi kutoka mfukoni, huwa hautoki kwangu, nikashika mkono wa koti karibu na kiwiko nikaufungua mkasi.

"Usikate!" Ni yule mzee, amesimama. "Wewe! Usikate kitambaa hicho!"

"Baba, siwezi kucheza hivi."

"Leta hapa." Alivaa miwani. Kwenye ukosi wa shati lake, kwa ndani, alikuwa ameweka pini, kama wafanyavyo watu wa vitambaa. Akaukunja mkono wa kulia mara mbili, akabana, akaukunja wa kushoto, akabana, akarudi nyuma kutazama kama mikunjo iko sawa, akaona haiko sawa, akabana upya ule wa kushoto. Banda zima lilimtazama akimtengeneza mpinzani wake.

"Inakubana?"

"Hapana, baba. Asante."

"Haya." Akavua miwani, akaikunja, akaiweka mfukoni.

Raundi ya tatu naikumbuka pigo kwa pigo. Alinipata ngwara mapema, nikampata kiwiko kidogo, akanipata tena. Nilikuwa nimemjua sasa: anarudi nyuma hatua moja, ndipo anapiga. Nikaanza kuisubiri ile hatua. Kila akirudi nyuma nilikinga, na mkono wa Shangazi ukawa unakolea, kutu, kahawia, wekundu. Mstari wa damu yangu juu ya kioo ulibaki uzi, na wake uzi. Pigo moja la yeyote lingemaliza. Na hapo sote wawili tukasimama.

Yeye hakusogea, nami sikusogea. Saa ya gemu inahesabu kurudi nyuma, watu wanapiga kelele, "Piga! Piga!" nami nasema moyoni, atarudi nyuma, akirudi nyuma nakinga, nikikinga natoa kiwiko, kwisha. Vidole vimeganda. Jasho linaingia jichoni na siwezi kulifuta. Sekunde saba. Sita. Nilimsikia yule mzee akivuta pumzi pembeni yangu.

Mwalimu hakurudi nyuma. Alikwenda mbele moja kwa moja, yule mfupi wa upara, mikono wazi, bila ile hatua yake, na mimi nilikuwa bado naisubiri. Konde moja. Shangazi alianguka polepole, pindo la koti likachelewa, kisha likashuka juu yake.

Halafu nikasikia mtu anapiga kelele kubwa kuliko wote, na kumbe ni mimi mwenyewe. Nilikuwa nimesimama juu ya benchi nashangilia. Ndivyo ilivyokuwa, sitadanganya kwamba niliumia. Nilikuwa nimeona kitu kizuri kikitendeka, na kimetendeka juu yangu.

"Leo hukuogopa!" nilimwambia.

"Nani kakwambia?" Alipapasa mfuko wa shati mara mbili, tatu, asiweze kuitoa miwani. Nilimtolea. "Niliogopa kuliko siku zote."

Alikataa kubebewa mkungu. Aliupakata mwenyewe nyuma ya bodaboda, ukubwa wake umemziba kifua chote, watu wa barabara ile wakimpigia makofi wengine bila kujua ni ya nini.

Jumatatu asubuhi nilimkuta msichana wa chuo barazani ananisubiri nifungue. Alitaka koti la mikono mipana, la kuvaa siku ya mahafali, juu ya gauni. Baada yake wakaja wengine. Wapo wanaojua ni koti la nani, na wapo wanaolipenda tu linavyogeuka. Ninawashonea wote, na kwa ndani ya kila mkono naweka vishikizo viwili na vitanzi, ili ukitaka kuukunja uukunje bila pini. Jora la rangi ya kutu liliisha dukani, mzee akaagiza lingine.

Siku aliponiita kulichukua aliniambia nipande naye ghorofani. Kwenye meza kulikuwa na chai ya tangawizi na sahani ya kachori, na kwenye kioo, bintiye alikuwa tayari kwenye mtandao, sauti yake inakatika kidogo.

"Baba, huyo ndiye Shangazi?"

"Ndiye."

"Shikamoo, Shangazi!" alisema akicheka, na akaniachia Shangazi, yeye akachagua Pipa la Mbege, ambaye mimi sikuwahi kumwona mtu yeyote akimchukua kwa dhati. Niliketi kwa kujiamini. Nilisubiri kama ninavyojua kusubiri. Lile bonge likayumba kushoto, likayumba kulia, na sikuweza kujua kamwe kama linakuja au linaanguka. Alinipiga raundi mbili kavu. Baba yake akachukua pedi, akavua miwani, naye akapigwa mbili kavu.

Mzee aligeuka kunitazama, machozi ya kicheko yakimtoka.

"Umeona?" akasema. "Mimi nimefundishwa na huyo."

Nilisogeza kiti karibu, nikapandisha mikono ya blauzi yangu, nikamwambia bintiye arudie, na safari hii asinionee huruma.